Jina la Mwisho

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la mwisho. Nilikuwa nimetoka zamu ya jioni ghalani, viatu bado viko miguuni, wali wa jana unazunguka kwenye maikrowevu. Maombi ya kufanya mtihani wa leseni ya udalali wa nyumba katika jimbo la Texas hayamalizi nusu saa kama mtu ana kila kitu mkononi. Mimi nilikaa kwenye kisanduku cha tatu mpaka wali ukapoa tena.

Niseme mapema: sikuja Marekani kuwa dalali. Nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, nikiwa na shahada ya uandishi wa habari na miaka minane ya chumba cha habari Dar es Salaam. Nilidhani nitaandika. Bado naandika, lakini malipo ya makala moja inayosomwa Dar hayanunui hata tangi la mafuta Houston, na bila gari Houston hufiki popote. Kwa hiyo nikawa mtu wa ghala. Napanga maboksi, naskani, nainama, nainuka. Magoti yangu yana miaka zaidi kuliko mimi.

Udalali ulinifuata wenyewe. Kusini-magharibi mwa jiji hili ninakoishi kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya, na zaidi Wakongomani waliokaa miaka mingi kwenye makambi kabla ya kuletwa huku. Siku moja mama mmoja aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, alinisimamisha kwenye maegesho ya magari akiwa ameshika mkataba wa nyumba ya kupanga, kurasa kama arobaini. Akaniuliza, "Dada, hii makaratasi inasema nini?" Tukakaa kwenye gari langu saa nzima. Nikamsomea kila ukurasa, nikimweleza kwa Kiswahili changu cha Temeke naye akinijibu kwa chake cha Uvira. Wiki iliyofuata alimleta dada yake. Mwezi uliofuata, watu nisiowajua walikuwa wananipigia simu. Jirani akanitania, "Wewe tayari dalali, umekosa leseni tu."

Alidhani anatania. Lakini hapa hiyo leseni ndiyo kila kitu. Ukimtafutia mtu nyumba ukapokea malipo bila leseni, umevunja sheria. Na kila jimbo lina leseni yake. Ya Texas haikupi ruhusa ya kuuza hata kibanda upande wa pili wa mpaka, Oklahoma. Texas wanataka uwe umetimiza miaka 18, uwe raia au mkazi halali, na uwe umesoma saa 180 darasani: kozi sita za saa 30 kila moja. Misingi ya biashara yenyewe sehemu mbili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu za mikataba, na mambo ya mikopo. Ukimaliza unapeleka maombi kwa Texas Real Estate Commission, chombo cha jimbo wanachokiita TREC. Unalipa ada, unachukuliwa alama za vidole ili historia yako ichunguzwe, unapewa namba. Kwa namba hiyo ndipo unajiandikisha kwenye mtihani wenyewe, ambao unaendeshwa na kampuni binafsi, na unalipa dola nyingine 43. Tangu siku unayopeleka maombi una mwaka mmoja wa kukamilisha kila kitu. Ukifeli mara tatu, unarudi darasani kabla ya kujaribu tena.

Nilisoma zile saa 180 usiku, miezi saba, kwenye simu na kwenye kompyuta yenye kibodi iliyopoteza herufi moja. Sikuwahi kujua kuwa ekari moja ni futi za mraba 43,560. Sasa naijua hata nikiamshwa usingizini.

Lakini nilianza na kisanduku cha tatu, nirudi hapo.

*

Baba yangu anaitwa Hamisi, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa dalali Temeke. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na benchi chini ya mwarobaini karibu na duka la mkaa, kauntabuku moja nene yenye jalada gumu, na kalamu ya bluu aliyoichomeka kwenye kofia. Ukitaka chumba na sebule, unamfuata pale. Anakutembeza vyumba vitatu, vinne, anakwambia kwa kila kimoja choo kiko wapi na mama mwenye nyumba ana mdomo kiasi gani. Mkikubaliana, unamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, na baba unampa ya mwezi mmoja. Makubaliano anaandika kwenye kauntabuku, mistari minne au mitano. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba. Mjumbe wa nyumba kumi anashuhudia, anapewa chake. Kwisha.

Tulisoma kwa pesa hiyo, mimi na wadogo zangu wawili. Nikiwa mdogo nilijivunia kwamba baba anafahamu kila nyumba. Kisha nikafika sekondari na nikagundua neno dalali lina harufu. Ukiwaambia wenzako baba ni dalali wanacheka kidogo, kama vile umesema baba ni mganga wa kienyeji: si kazi mbaya, ila kila mtu ana hadithi ya aliyeibiwa.

Nilipokuwa kidato cha tatu, hadithi hiyo ikawa yetu. Baba alimuuzia mwalimu mstaafu kiwanja Kitunda kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Fedha ile ilikuwa sehemu ya kiinua mgongo cha yule mwalimu. Miezi michache baadaye, siku anapeleka tofali, akakuta watu wengine wanachimba msingi, nao wana karatasi zao. Kiwanja kimoja, wenyewe wawili. Aliyeuza akatoweka na simu yake ikazimwa. Aliyebaki pale anapopatikana kila siku, chini ya mwarobaini, alikuwa baba. Alilala kituo cha polisi siku mbili. Mama aliuza cherehani. Mtaani wakaanza kumwita jina ambalo sitaliandika, na sisi watoto tukarithi.

Hadithi tuliyoelezwa nyumbani ilikuwa hii: baba naye alidanganywa. Tapeli alimdanganya dalali, dalali akamuuzia mwalimu akiwa hajui. Na baba, kwa uungwana wake, akaamua kumlipa mwalimu kidogo kidogo deni ambalo si lake. Nilikua nikiiamini hadithi hiyo. Bado haikunizuia kuona aibu.

Mwaka wa pili chuoni nilipopata habari yangu ya kwanza gazetini, mhariri aliniuliza, "Tuandike nani?" Kwetu mtu akitaja majina mawili kwa kawaida ni lake na la baba yake. Shuleni muda wote niliitwa hivyo. Nikasita, halafu nikamtajia langu na la babu. Babu alikuwa mvuvi Kilwa, alikufa kabla sijazaliwa, hana deni na mtu. Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu kazini. Nilipochukua pasipoti, la babu likakaa kwenye nafasi ya ukoo. Nilipofika Marekani, wakalichukua kama lilivyo. Kwenye kitambulisho cha ghalani baba yangu amebaki herufi moja katikati: H, ikifuatiwa na nukta.

Nimeandika habari za migogoro ya viwanja zaidi ya mara kumi. Ya kwetu sikuiandika hata mara moja.

*

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili watanielewa nikisema kwamba majina yetu hayakutengenezwa kwa visanduku vitatu. Shaaban Robert, ambaye tunampanga rafuni chini ya herufi R kana kwamba Robert ni ukoo, alikuwa anabeba tu jina la baba yake. Na yule mwimbaji wa Zanzibar ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, Siti binti Saad: fomu ya Texas ingemuandika Siti jina la kwanza, Binti jina la kati, Saad jina la mwisho. Yeye angeshangaa. "Binti" si jina, ni maelezo ya uhusiano. Jina zima linamwambia msikilizaji huyu ni nani na ametoka kwa nani. Kwetu mtu ni sentensi fupi. Fomu inaikata sentensi vipande na kuuliza kipi kiende wapi.

Usiku ule, wali ukipoa, nilifanya kitu ambacho mwandishi wa habari mwenye akili timamu hafanyi. Niliijaza fomu ya serikali kwa hisia. Nikajisemea: leseni hii ni ya udalali. Mimi kalamu nilijifunza chuoni, lakini udalali nimeuona kwa mtu mmoja tu, nikiwa nimekaa kwenye benchi miguu haifiki chini. Kama kuna karatasi moja duniani inayopaswa kubeba jina lake, ni hii. Kwenye jina la mwisho nikaandika Hamisi. La kati nikaliacha wazi. Nikalipa, nikabonyeza, nikalala vizuri sana.

Fomu hiyo inakuuliza pia kama umewahi kutiwa hatiani, kama umewahi kunyang'anywa leseni ya taaluma yoyote. Sheria ya Texas inataka mwombaji awe na mambo matatu: ukweli, uaminifu na uadilifu. Maneno haya yapo kwenye sheria yenyewe. Nilijiuliza baba angejibu nini. Nikajijibu kwa niaba yake kwamba angepita, maana hakuwahi kufikishwa mahakamani. Alidanganywa tu.

*

Katika kozi zile, sehemu iliyonishika zaidi haikuwa hesabu za mikopo. Ilikuwa historia, ambayo kwenye vitabu vya mtihani inakaa kurasa chache tu, kwa sababu mtihani unataka tarehe na istilahi.

Mimi nilikuwa nimekuja na imani moja ya mtu wa Temeke: kwamba tatizo la udalali wetu ni kukosa leseni. Kwamba tungekuwa na darasa, mtihani, alama za vidole na tume, mwalimu wa Kitunda asingelia. Halafu nikasoma waliokuwa na vyote hivyo walifanya nini.

Mwaka 1924 chama kikubwa cha mawakala wa nyumba Marekani kiliandika kwenye kanuni zake za maadili, narudia, za maadili, kwamba mwanachama asiingize kwenye mtaa watu wa rangi au taifa ambalo uwepo wao ungeshusha thamani ya nyumba. Kwa hiyo wakala aliyemuuzia mtu mweusi nyumba kwenye mtaa wa wazungu ndiye aliyekuwa amekosa maadili. Kwenye hati za viwanja waliandika masharti kwamba mtu mweusi hawezi kununua wala kuishi hapo, isipokuwa kama mtumishi. Miaka ya 1930 shirika la serikali, Home Owners' Loan Corporation, lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa ni hatari kwa mikopo, na mara nyingi hatari yenyewe ilikuwa weusi wa wakazi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, ilisema mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti yale ya hati. Lakini kuyaandika hakukukoma siku hiyo. Mpaka 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ndipo Rais Johnson aliposaini sheria ya haki katika makazi iliyokataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa katika kuuza na kupangisha. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na familia zenye watoto zikaongezwa 1988. Chama kile kikaja kuomba radhi kwa historia yake mwaka 2020.

Mtihani unakutaka ujue maovu haya kwa majina. Kuna kumwongoza mteja kwenye mitaa ya watu wa rangi yake, ukijifanya unamsaidia. Kuna kuwatisha wazungu kwamba weusi wanakuja ili wauze kwa bei ya kutupa, halafu nyumba zilezile unawauzia weusi kwa bei ya juu. Yaani kulikuwa na watu wenye leseni ukutani, fremu ya mbao, wanapita nyumba hadi nyumba wakifanya kazi hiyo.

Niliposoma hayo nilimtetea baba zaidi. Nikajisemea, ona, hawa walikuwa na karatasi zote na wakawaibia watu mitaa mizima. Yule wa kwangu alikuwa na kauntabuku tu na alikosea mara moja, tena bila kujua.

Na kuna kitu kingine nilichokuwa nakifikiria njiani kwenda ghalani. Kwetu ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Sheria ya ardhi ya 1999 inasema hivyo. Wewe unapewa haki ya kuitumia, labda miaka 33, labda 66, labda 99. Huku Texas mtu anaimiliki ardhi yenyewe, na mwalimu wa kozi anaifananisha na fungu la vijiti: kijiti cha kukaa, kijiti cha kuuza, kijiti cha kurithisha, kijiti cha kumzuia mwingine asiingie. Unaweza kumpa mtu kijiti kimoja ukabaki na vingine. Hata mafuta yaliyo chini unaweza kuyauza, ukabaki na nyasi za juu. Nilipenda picha hiyo. Nikawaza kwamba kiwanja cha Kitunda kilikuwa na watu wawili, kila mmoja ameshika fungu zima, na baba amesimama katikati mikono mitupu.

*

Siku ya mtihani nilifika mapema dakika arobaini. Kituo kiko kwenye jengo la ofisi kando ya barabara kuu, ghorofa ya pili, kapeti la kijivu, baridi ya kiyoyozi kama jokofu la samaki. Simu, saa, pochi, hata leso, vyote vinakwenda kwenye kabati. Wanakuangalia mifukoni. Maswali ni 125: 85 ya nchi nzima na 40 ya sheria za Texas, na unapewa saa nne. Kufaulu ni asilimia 70, kila sehemu peke yake.

Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Alichukua leseni yangu ya udereva, akatazama kompyuta, akatazama leseni, akatazama kompyuta. Kisha akaniuliza kama nina kitambulisho kingine. Nikampa kadi ya benki. Nayo ikasema kilekile. Akanigeuzia skrini nione. Kwenye orodha yake kulikuwa na mtu mwenye jina langu la kwanza na jina la mwisho Hamisi. Kwenye vitambulisho vyangu vyote hakuna mtu huyo.

"Hamisi ni baba yangu," nikasema.

"Naelewa," akajibu, na nadhani alielewa kweli. "Lakini siwezi kumwingiza mtu ambaye si yeye."

Kosa lilikuwa langu mwanzo mwisho. Maelekezo ya mtihani yanasema waziwazi jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mimi, niliyewasomea watu mikataba ya kurasa arobaini, nilikuwa nimeyasoma na kuyapuuza. Dola 43 zikaenda. Zamu niliyoomba ruhusa ikaenda. Nilikaa kwenye gari nikacheka, halafu si kucheka tena.

Jioni nikatuma ombi la kurekebisha jina pamoja na nakala ya kitambulisho. Nikawa nasubiri.

*

Siku za kusubiri ndizo nilizompigia baba. Huku saa tano usiku, kwao saa moja asubuhi, amekaa barazani na chai ya rangi. Ana miaka sabini na kitu sasa, benchi la mwarobaini kaliacha, mwarobaini wenyewe ulikatwa walipopanua barabara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujalala tu?"

Nikamweleza nasoma mtihani wa udalali. Sikuwa nimemwambia kabla. Alicheka mpaka akakohoa. Chuo chote kile, akasema, gazeti lote lile, halafu unarudi kwenye benchi langu? Kisha akasema, "Haya, wanauliza nini hao Wazungu? Niulize na mimi."

Basi nikamuuliza. Nikamtafsiria maswali ya majaribio, yeye akajibu. Nakwambia alipata mengi. Fedha ya mteja uichanganye na yako? "Hata kidogo, utaila." Wapangaji wawili wanataka chumba kimoja, umfiche mwenye nyumba mwenye pesa zaidi? "Umwambie wote, achague mwenyewe." Uandike mkataba kwa maneno yako? Hapo akakosa. Nilimweleza kwamba Texas wakala hatungi mkataba. Anajaza fomu ambazo tume imeshaziidhinisha, na akijitungia vifungu anakuwa amejifanya mwanasheria. Akasema, "Mimi wangenifunga kila Jumatatu."

Tukawa tunacheka. Nikasoma lililofuata bila kulifikiria. Wakala wa muuzaji amepata habari kwamba kuna mtu mwingine anadai haki kwenye kiwanja. Muuzaji amemwambia anyamaze. Wakala afanye nini?

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Nikaita, "Baba?"

"Aseme," akajibu. "Amwambie mnunuzi."

"Umepata."

"Mimi sikusema."

Nikauliza hakusema nini, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma kutoka kwenye kauntabuku. Mjumbe wa kule Kitunda alimwambia, kabla ya mauziano, kwamba kuna jamaa mwingine aliwahi kuja kupima pale. Hakuwa na uhakika, alisikia tu. Baba akamuuliza muuzaji. Muuzaji akasema hayo maneno ya mtaani, achana nayo, na akamwongezea elfu thelathini juu ya udalali wake. Ilikuwa Januari. Ada zetu za shule zilikuwa hazijalipwa. "Nilishuku," akasema. "Kujua sikujua. Ila nilishuku, na nikapokea. Mwalimu aliniuliza, 'Hamisi, hapa pako salama?' Nikamwambia pako salama."

Miaka ishirini tumesema baba analipa deni lisilo lake.

Kazi yangu imenifundisha nifanye nini mtu akikiri: nyamaza, mwache aendelee. Nilinyamaza. Lakini hakuendelea. Alisema chai imepoa, akaniaga, akaniombea dua ya mtihani kama kawaida.

*

Marekebisho yalikubaliwa. Kujiandikisha upya kulikuwa kazi ya dakika kumi: namba yangu, tarehe, kituo kilekile, dola 43 nyingine. Kabla ya kulipa mfumo ulinionyesha jina langu lilivyokaa sasa ili nithibitishe. La kwanza langu. La mwisho la babu. La kati limeandikwa kama lilivyo kwenye leseni ya udereva, zima, herufi sita: Hamisi.

Nilikaa hapo pia, ingawa safari hii sikuwa na wali. Kuthibitisha au kutothibitisha hakukuwa suala la hisia tena. Kitambulisho kinasema hivyo, na nimeshalipia somo hilo. Lakini nilitazama lile jina katikati na nikafikiria mara mbili nilizolishughulikia vibaya. Mara ya kwanza nililificha kwa aibu ya kitu ambacho sikukijua vizuri. Mara ya pili nililipandisha mbele kama bendera, kwa fahari ya kitu ambacho pia sikukijua. Kote kuwili sikumuuliza mwenyewe. Mwandishi wa habari, na sikumuuliza.

Sasa limekaa linapotakiwa kukaa. Sijui kama nimemsamehe, na sidhani ni mimi wa kusamehe. Aliyeuliza kama pako salama ni mwalimu. Ninachojua ni kwamba nikifaulu na nikapata wakala mkuu wa kunisimamia, maana bila yeye leseni ya Texas haifanyi kazi, mama wa Uvira au mdogo wake atanigeukia siku moja mbele ya nyumba na kuniuliza swali lilelile. Dada, hapa pako salama? Na hakuna tume wala alama za vidole zitakazokuwa zimesimama pale kati yetu. Nitakuwa mimi na ninachokishuku.

Nikathibitisha. Risiti ikaja kwa barua pepe. Mtihani ni Jumanne.

Jana asubuhi baba alinitumia picha bila maneno. Ni ukurasa wa kauntabuku, wino wa bluu umefifia, mwandiko wake wa kulalia kulia. Juu kaandika "Mwalimu, Kitunda." Chini yake tarehe na malipo, elfu ishirini, elfu kumi, elfu kumi na tano, yamepangana miaka mpaka miaka. Jumla iliyolipwa ni laki saba na nusu. Mstari wa mwisho una neno moja, "Bado," na tarakimu: 450,000.

Nilimpigia nikamuuliza mwalimu yuko wapi. Alifariki, akasema, ila ana mtoto wa kike, nadhani bado yuko hukohuko Kitunda. Nimemwomba anitafutie namba yake. Amesema atamuuliza mjumbe.